Miti ya Mtaani na Wenyewe

Joto la mji halitokani na jua peke yake. Hutokana pia na namna mji unavyolipokea jua hilo, kulihifadhi na kulirudisha. Lami, zege, bati na matofali hufyonza miali mchana kutwa na kuanza kutoa joto lake jioni, wakati ardhi ya shamba imekwisha kupoa, na kwa sababu hiyo usiku wa mjini huchelewa kupata ubaridi hata upepo unapovuma. Wataalamu wa hali ya hewa huliita eneo la namna hiyo kisiwa cha joto, yaani mji ulio na joto zaidi kuliko mashamba na vichaka vinavyouzunguka, na miongoni mwa watu wa mwanzo kulionyesha jambo hilo kwa vipimo ni Luke Howard, Mwingereza aliyelinganisha joto la London na la viunga vyake na kuchapisha matokeo kati ya 1818 na 1820. Katika Dar es Salaam, ambako kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufikia nyuzi 32 na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka, hakuna haja ya kipimajoto ili kulitambua hilo: wachuuzi huhamisha meza zao kufuata kivuli, abiria wa daladala hujipanga mstari mmoja mwembamba nyuma ya nguzo, na dereva wa bodaboda huchagua kijiwe kwa kuangalia mti kabla ya kuangalia wateja.

Mti hupoza mahali kwa njia mbili, na ni vyema zikatofautishwa, kwa kuwa moja hudumu hata mti ukiwa mgonjwa na nyingine hukoma mapema. Njia ya kwanza ni kivuli, ambacho huzuia miali isifike kwenye ukuta, lami na kichwa cha mpita njia. Njia ya pili ni maji: mizizi huyavuta kutoka ardhini, shina huyapandisha, na majani huyatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo mno vinavyoitwa stomata, ambavyo vingi huwa upande wa chini wa jani. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji nishati inayokaribia ile inayotumiwa na pasi ya wati 1,000 ikiwaka kwa dakika 40, na nishati hiyo mti huichukua katika hewa na miali inayouzunguka, hivyo hewa iliyo chini yake hupoa. Lakini mti uliozibiwa ardhi yake kwa zege hukosa maji, na unapokosa maji hufunga vitundu vyake ili usikauke. Hapo hubaki kuwa mwavuli tu. Manispaa inayohesabu miti bila kuangalia udongo ulio chini yake huhesabu miavuli.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia katika mtaa mmoja wa Ilala miaka ya 1980, na mengi yanayoelezwa hapa yalionekana kwanza katika mtaa huo kabla ya kukutana na maelezo yake vitabuni. Pande zote mbili za barabara, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi, ilisimama miarobaini iliyopandwa na wazee wa mtaa, na chini ya kila mmoja palikuwa na shughuli yake. Mwarobaini ni mti wenye asili ya Bara Hindi na Burma, na umeenea katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu huvumilia ukame, hauliwi ovyo na mbuzi, na hubaki na majani wakati wa joto kali, ambapo kivuli huhitajika zaidi. Chini ya mmoja alikaa fundi baiskeli na beseni lake la maji ya kutafutia pancha. Chini ya mwingine palikuwa na bao na birika la kahawa. Na chini ya ule mkubwa kuliko yote palikuwa na mama ntilie, ambaye mapato yake hayakutosha kupanga fremu yenye paa, na ambaye kwa hiyo aliutegemea mti huo kwa kila kitu ambacho mfanyabiashara mwingine hukilipia kodi.

Mama huyo ndiye aliyeutunza mti wake kuliko wengine wote. Maji ya kuoshea mchele, ambayo hayana chumvi wala mafuta, aliyamwaga taratibu pembeni, mbali kidogo na shina, katika duara la udongo uliolegezwa kwa jembe. Maji ya kuoshea masufuria yenye mafuta na sabuni aliyapeleka mtaroni, wala hakuruhusu msaidizi yeyote kuyamwaga mtini. Majiko yake yalikaa upande ule ambao upepo wa kaskazi ulipeperushia moshi na joto nje ya matawi, na kusi lilipoanza aliyahamishia upande wa pili. Kisheria mti ule ulikuwa wa manispaa, kwa kuwa ulikuwa katika hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ya umma ulio kando ya njia. Kwa matumizi ya kila siku, hata hivyo, mtu aliyetaka kukata kijiti cha mswaki aliomba ruhusa kwake.

Uwili huo wa umiliki ulijitokeza wazi siku kilipofika kikosi cha wakataji kilichotumwa kusafisha njia ya nyaya za umeme. Mstaafu mmoja wa reli, ambaye baraza yake ilitazamana na mti mkubwa, aliwauliza watafanya nini, na kijana aliyewaongoza akamjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Sisi tumetumwa kukata, na tukiacha tutaambiwa hatukufanya kazi." Mzee akaitikia marahaba, kisha akamwuliza: "Aliyekutuma, mwanangu, amewahi kukaa hapa saa saba mchana?" Mazungumzo yaliishia hapo, kwa kuwa kijana hakuwa na mamlaka ya kupunguza kazi na mzee hakuwa na mamlaka ya kuisimamisha. Miti yote ya upande wa nyaya ilikatwa vichwa, maana yake ni kwamba matawi makuu yalifyekwa katikati bila kujali yalipoanzia, na kila shina likabaki na vigutu vichache vilivyoelekea juu.

Ukataji wa namna hiyo huonekana wa busara kwa miezi michache, kwa sababu mti hutoa machipukizi mengi na mtaa hudhani umefanywa upya. Ukweli ni kwamba machipukizi hayo huota kutoka tabaka la nje la kigutu, na hayana mshikamano ambao tawi la asili hupata kwa kukua pamoja na shina lake, tabaka juu ya tabaka, tangu likiwa changa. Wakati huohuo kuvu, yaani viumbe wa jamii ya uyoga wanaokula mti, huingia kupitia jeraha pana lililoachwa wazi na kuozesha sehemu ile ile ambayo machipukizi yamejishikiza. Katika mtaa huo wa Ilala machipukizi yalinenepa yakawa matawi, na masika moja, usiku wa upepo mkali, tawi moja lilikwanyuka na kuangukia bati la nyumba ya jirani. Palipobanduka palionekana asubuhi: ganda jembamba la mti mzima kwa nje, na ndani unga wa kahawia uliolowana, unaobonyea kwa kidole. Baada ya tukio hilo mtaa ulisadiki kwamba mwarobaini ni mti wa hatari usiofaa karibu na nyumba, na wenye nyumba wawili waliikata yao kabisa. Hakuna aliyeihusisha hatari hiyo na msumeno uliopita miaka kadhaa nyuma.

Maelezo ya kitaalamu ya jambo hilo yanatokana zaidi na kazi ya Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, ambaye badala ya kukata miti kwa upana, kama ilivyokuwa desturi, aliipasua kwa urefu kwa msumeno wa mnyororo, maelfu ya miti, ili aone uozo unavyosafiri ndani yake. Mwaka 1977 alieleza katika maandishi kwamba mti hauponyi kidonda kwa kuotesha nyama mpya mahali palipoharibika, kama afanyavyo mnyama, bali hukizungushia kuta za kemikali na za chembechembe mpya, kisha hukua nje ya kuta hizo, kidonda kikibaki ndani milele. Kutokana na kazi yake ilifahamika kwamba mahali pa kukatia tawi pana maana kubwa. Kila tawi lina uvimbe mdogo wenye mikunjo pale linapokutana na shina, ambao huitwa kola ya tawi, na ndani ya kola hiyo ndimo kinga imejengeka. Anayekata kwa kusawazisha na shina huiondoa kola na kuufungulia uozo mlango. Anayeacha kigutu kirefu huuachia uozo chakula cha kuanzia. Mahali panapofaa ni nje kidogo tu ya kola. Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu: mkato mfupi wa chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike, mkato wa juu, mbele ya huo wa kwanza, wa kuangusha uzito, na mkato wa mwisho wa kuondoa kigutu kilichobaki. Rangi na lami ambazo watu hupaka kwenye jeraha, kwa mujibu wa utafiti huohuo, hazizuii uozo, na nyakati nyingine huhifadhi unyevu unaousaidia.

Kazi hiyo haihitaji chombo cha gharama. Fundi mwenye msumeno wa mkono na kamba anaweza kuifanya vizuri zaidi kuliko kikosi chenye gari na msumeno wa mnyororo, endapo ameelezwa kola ni nini na endapo halipwi kwa kuhesabu miti aliyoimaliza kwa siku. Hilo la malipo huenda ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa mkataba unaopima kazi kwa idadi humfundisha mkataji kukata haraka, na kukata haraka ni kukata vichwa.

Mizizi nayo huuawa kwa kutojulikana ilipo. Wengi hufikiri kwamba mti una mzizi mmoja mkubwa unaoshuka kina sawa na urefu wake, ilhali sehemu kubwa ya mizizi ya mti wa mjini hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, ambako kuna hewa, na husambaa kwa upana unaozidi mwavuli wa matawi mara mbili au tatu. Mizizi hupumua oksijeni. Udongo ulioshindiliwa na magari au kufunikwa na saruji huikosesha hewa hiyo. Barabara ya mtaa ilipowekewa lami, mtaro wa maji ya mvua ulichimbwa sambamba na miarobaini, na mwandishi anakumbuka mizizi minene kama mkono ilivyotokeza kwenye ukuta wa mtaro, yote juu ya magoti ya wachimbaji, ikikatwa kwa panga ili mstari unyooke. Miti haikufa mwaka huo. Iliendelea kwa akiba, ikaanza kukauka matawi ya juu, na ilipofika kufa kabisa hapakuwa na mtu aliyeukumbuka mtaro. Kanuni inayotumiwa na watunza miti ni kwamba kila sentimita moja ya unene wa shina inahitaji sentimita 10 hadi 12 za ardhi isiyochimbwa kuelekea kila upande, hivyo mti wenye shina la sentimita 50 unahitaji mita 5 au 6. Katika mitaa iliyobanana kipimo hicho hakipatikani kila mara. Mhandisi aliyekijua, hata hivyo, angeweza kuupindisha mtaro mbele ya mti mkubwa, au kuchimba kwa mkono chini ya mizizi mikuu na kupitisha bomba.

Upandaji ni sehemu nyepesi, na pengine ndiyo maana hupendwa na hadhara. Tanzania huadhimisha siku ya kupanda miti tarehe 1 Aprili, masika yakiwa yanakolea, na Kenya mwaka 2023 ilitenga tarehe 13 Novemba kuwa sikukuu ya kupanda miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mche uliopandwa Aprili mjini Dar es Salaam hupata mvua hadi Mei tu. Kuanzia Juni unaingia miezi mikavu, ukiwa na mizizi isiyozidi ukubwa wa kifuko ulichotokea. Katika sherehe moja ya namna hiyo, iliyofanyika kando ya uwanja wa mtaa mbele ya wageni rasmi, miche ilipandwa kwa mstari ulionyooka na kila mmoja ukawekewa kibao. Ilipokauka, mstaafu yuleyule wa reli aliing'oa mmojammoja ili mashimo yatumike tena, na mingi ilitoka ikiwa bado na kiriba chake, yaani ule mfuko mweusi wa plastiki wa kitaluni, mizizi ikiwa imejiviringa ndani kama uzi wa kofia. Vibao aliviweka kando kwa heshima, akisema wenyewe wanaweza kuvihitaji.

Njia ya kuepuka upotevu huo ilikwisha kupatikana muda mrefu uliopita, na mjini vilevile. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka jengo la mikutano la Kenyatta, katikati ya Nairobi, hadi Kamukunji, wakapanda miti saba kuwakumbuka viongozi wa jamii mbalimbali za nchi hiyo; huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Sifa za Maathai zimeandikwa zaidi kwa ajili ya mapambano yake ya 1989 ya kuiokoa Uhuru Park isijengwe ghorofa la orofa 60, na ya Msitu wa Karura mwaka 1999, na ni haki yake. Lakini kwa anayeshughulika na miti ya mtaani, jambo lake lenye faida kubwa ni dogo na la kihasibu: wanawake waliolea miche walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa mche uliopona baada ya kupandwa. Malipo yalipofungwa kwenye uhai wa mche, hesabu ya miti ikawa hesabu ya utunzaji.

Utunzaji wenyewe, kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, ni kazi ya ndoo. Lita 20 kwa wiki katika kiangazi zinatosha mche mmoja mchanga, zikimwagwa taratibu katika beseni la udongo, au zikiachwa zidondoke kutoka kwenye dumu lililotobolewa tundu dogo, kwa kuwa maji mengi yakimwagwa kwa mara moja hutiririka juu na kwenda zake. Majani makavu yakitandazwa juu ya udongo huhifadhi unyevu, mradi yasilundikwe kwenye shina, ambako huozesha gome na kukaribisha mchwa. Shimo liwe pana kuliko kina chake, na pale shina linapopanuka kuanza mizizi pabaki juu ya ardhi. Mti ukishakua, adui zake hubadilika: misumari ya mabango ya waganga na vyumba vya kupanga, waya wa kamba ya kuanikia nguo ambao shina hunenepa na kuumeza, na zaidi ya yote moto wa takataka. Fagio la asubuhi hukusanya majani na mifuko hadi chini ya mti, kwa sababu hapo hapapiti gari, na kiberiti kikiwashwa joto huua gome la upande mmoja bila mti kuonyesha dalili hadi msimu mwingine.

Uchaguzi wa aina ya mti umeharibiwa kidogo na mitindo. Kwa miaka mingi sasa wenye nyumba wamependa mashoki, ile miti mirefu myembamba yenye majani yanayoning'inia, kwa kuwa haichukui nafasi na huifanya nyumba ionekane ya mtu aliyefanikiwa. Kivuli chake hakimtoshi hata fundi viatu. Mkrismasi una mwavuli mpana na maua mekundu ya Desemba, lakini mizizi yake hunyanyua sakafu. Mwembe hauna mpinzani kwa kivuli, na tatizo lake pekee ni watoto na mawe yao. Mkungu hutandaza matawi kwa vidato kama sakafu za ghorofa na huvumilia upepo wa bahari wenye chumvi, ingawa hupukutisha majani makubwa mekundu ambayo huziba mifereji.

Miti inayopata watetezi ni ile iliyo na heshima kabla ya kutishwa. Novemba 2020, wakati barabara ya juu ya Nairobi ikijengwa, mugumo mkubwa wa kandokando ya Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais na barabara ikaupisha, kwa kuwa mti wa aina hiyo ni mtakatifu kwa Wakikuyu na umma ulikuwa umepiga kelele. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, imebakiza miti yake mizee kwa kuwa ina ua na lango. Mwarobaini wa mtaani hauna utakatifu wala ua. Ni mti wa kuja, wa kawaida, na kila aliyezoea kivuli chake hudhani mwingine ndiye mwenye jukumu la kuusemea. Sheria ndogo za manispaa husaidia panapokuwa na mtu wa kuzikumbusha, na mtu huyo kwa kawaida ni yule anayekaa hapo saa saba mchana.

Mtaa wa Ilala ulilifahamu hilo kwa njia ya ugomvi wa ukuta. Mzizi wa mkungu ulikuwa umeinua msingi wa ua wa nyumba moja, na mwenye nyumba alitaka mti ukatwe. Wenye vibanda vitano vilivyokuwa chini yake walikataa, na shauri likafika kwa mtendaji wa mtaa. Fundi mwashi alipoitwa alisema mzizi hauna haja ya kuguswa: sehemu ya ukuta iliyopasuka ibomolewe, misingi miwili mifupi ijengwe pande zote mbili za mzizi, na juu yake upite mkanda wa zege lenye nondo, ukiacha upenyo ambamo mzizi ungeendelea kunenepa. Mwenye nyumba alitoa saruji na ujira wa fundi, wenye vibanda walitoa nondo na kokoto, na chakula cha mafundi kilitoka kwa mama ntilie. Makubaliano yaliandikwa katika daftari la mtaa, pamoja na sharti kwamba hakuna tawi litakalokatwa bila mtendaji na wenye vibanda kuwapo, na pamoja na zamu za kufagia majani, kwa sababu jirani wa nyumba ya pili alikataa kutia sahihi mpaka suala la mfereji wake liingizwe.